Trofa za Wodi ya Wanawake

Jumatatu, 4 Juni 1973

Ukungu mpaka saa nne. Mbao zimelowa, msumeno unakwama. Nimepigilia boriti za mwisho za dari ya wodi mpya ya wanawake. Zimekaa karibukaribu, kama tunavyojenga nyumbani. Mzee Zakaria, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aligonga moja kwa bakora yake. "Hii ndiyo dari, mgoshi." Kwa lugha yetu, mwanamume. Nilifurahi. Kisha furaha ikaisha, maana jioni hakuna wa kumsimulia. Mke wangu Raheli alifariki Machi. Alipenda kusikia kazi yangu imesifiwa. Alikuwa akiuliza, "Amesema hivyohivyo?"

Jumatano, 6 Juni

Taa zimefika kwa lori kutoka Tanga. Juu ya kila kasha neno moja: trofa. Neno hilohilo limo kwenye ramani ya jengo. Nililiona tangu mwanzo, nikadhani halinihusu, ni la watu wa umeme. Mzee Zakaria anasema ni jina la kiwanda. Nesi Ana anasema ni taa ya upasuaji. Mimi niliishia darasa la sita, sijawahi kukutana nalo.

Nimekula viazi vya jana.

Ijumaa, 8 Juni

Fundi umeme amekuja. Anaitwa Salimu, mtu wa Tanga mjini. Amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Nilimwuliza maana ya lile neno. Alinieleza vizuri, bila dharau. Trofa ni sanduku la bati, refu na pana, linalozama ndani ya dari. Uso wake unalingana na ubao wa dari. Hakuna kinachotokeza wala kuning'inia. Ndani hukaa mirija ya taa, na chini hufunikwa kwa kioo cha rangi ya maziwa, mwanga utoke mpole. Si kila taa iliyozama darini ni trofa. Ile ndogo ya duara, kama mdomo wa kopo, ina jina lake. Tena trofa si mwanga wenyewe. "Mrija ukiungua usiandike kwamba trofa imeungua, baba. Watakuletea bati jipya, ubaki gizani."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Machi.

Halafu tukainua moja kuijaribu. Haikuingia. Ni pana kuliko nafasi kati ya boriti na boriti. Salimu alitazama juu.

"Huku darini mnaweka nini, matrekta?"

"Mahindi."

"Hospitalini?"

Kwetu dari ni mahali pa mahindi, juu ya moshi wa jiko. Lazima ibebe magunia. Tukajenga hivyo na hakuna aliyejiuliza. Hata mimi fundi sikujiuliza.

Jumamosi, 9 Juni

Mzee Zakaria hataki boriti zikatwe ili trofa ziingie. Ni mbao za mkulo, mti mkubwa wa msitu wetu, zilizopasuliwa na wanakijiji wenyewe, siku za kazi za kujitegemea, zikabebwa mabegani kutoka msituni. Mkewe alibeba pia. Mzee anasema, "Taa ni taa. Zitundikwe kwa minyororo." Salimu anasema inawezekana. Atavua mabati na vioo, atatundika mirija mitupu. Kazi nyepesi. Kamati itaamua Jumatatu.

Mzee ana haki. Bega langu linaujua uzito wa boriti zile.

Lakini sitaki zitundikwe.

Jumapili, 10 Juni

Sikuyasikia mahubiri. Niliwaza wodi ya zamani. Karabai ilitundikwa juu ya kitanda cha Raheli. Vitanda vilijaa, hapakuwa na pa kumhamishia. Kulala ubavu hakuweza, maumivu. Basi akajifunika macho kwa leso yake ya bluu. Nilipokwenda jioni nilizungumza na leso. Alinijibu vizuri. Hata alinitania bila kuniona: "Najua umevaa lile shati la kijani." Nilikuwa nimelivaa. Lakini macho yake sikuyaona wiki ile yote ya mwisho. Hilo linaniuma kuliko kaburi. Sijamwambia mtu.

Wajenzi tunaitazama dari tukiwa tumesimama. Mgonjwa amelala.

Jumatatu, 11 Juni

Kamati. Mwanzoni sikumtaja Raheli. Niliomba tu Salimu atundike mrija mmoja kwa mnyororo, jenereta iwashwe, na Mzee Zakaria alale kitandani chini yake.

"Unataka kunizika, mgoshi?"

Watu wakacheka. Akalala, na viatu vyake. Taa ikawaka. Mzee akafinya macho, akageuza uso huku na huku, mwisho akajifunika kwa kofia.

Nikasema, "Raheli alifanya hivyohivyo. Kwa leso."

Kicheko kikakatika. Mzee hakuiondoa kofia usoni. Akasema kutoka chini yake, "Zima." Kisha, "Haya, kata. Ila vipande visichomwe moto."

Alhamisi, 14 Juni

Nakata. Boriti moja naiacha, inayofuata naikata, na ncha zake nazishikilia kwa mbao za kukingama ili dari isilegee. Inauma kukata kazi yako mwenyewe. Mkulo bado unanukia. Mke wa Mzee Zakaria alikuja, akageuzageuza kipande kimoja. "Hiki ndicho nilichobeba mimi." Hakuna awezaye kujua. Hatukubisha. Vilivyobaki nitavifanya viti vifupi vya wanaokuja kutazama wagonjwa.

Jumamosi, 30 Juni

Trofa zote zimeingia. Salimu ameondoka na gunia la viazi. Anasema harudi mpaka milima hii ipashwe moto. Nimemkumbuka saa hiyohiyo.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada nilipita wodini. Ukungu mzito, taa zinawaka mchana. Kuna mama kutoka kijiji cha Mnazi, amepasuliwa tumbo, amelala chali. Mumewe amekaa kwenye kiti cha mkulo. Mama alikuwa anamgombeza kwa sauti ndogo, habari za mbuzi waliosahauliwa bila maji. Macho yake yako wazi, anamtazama mumewe usoni. Mume anaitikia tu.

Nesi Ana akanikuta mlangoni. "Shikamoo, baba. Unamtafuta mtu?"

"Marahaba. Hapana. Naangalia dari."

Nikaiangalia kidogo. Nikarudi nyumbani kumenya viazi.