Vyumba Vinne vya Mzee Salim

Jumatatu, 3 Februari 1958

Kaptura kumi na mbili za shule zimeisha. Vifungo kesho. Vumbi la ziwa limeingia hadi ndani ya cherehani. Nimeifuta na kuitia mafuta mara mbili.

Mwenye nyumba amekuja tena. Mwanawe anaoa, anataka chumba changu mwisho wa mwezi. Nimemwambia nilisikia mara ya kwanza. Nisipopata pangu, ni kwenda kwa kaka yangu huko Njoro, kwenye kambi ya shamba la mzungu, niwe mjane wa kulishwa na wifi. Sitaki.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeona nyumba ya Mzee Salim, Bondeni. Anauza ahamie kwa binti yake Kisumu. Vyumba vinne kwa mstari, kuta za udongo, paa la mabati. Bei shilingi elfu moja mia nne. Ninazo elfu moja mia tisa, jasho la miaka kumi na moja ya kushona. Kwa hiyo matengenezo yasizidi mia tano.

Nimeipenda, na nadhani ilionekana usoni. Mteja akionyesha kwamba amependa kitambaa, mimi mwenyewe humpandishia bei.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa nilimpeleka fundi Wanjala akaikague. Mtu wa kwetu, maneno machache, kazi safi. Alipanda juu akashuka na viganja vyekundu kwa kutu. Vumbi la magadi linalopeperuka kutoka ziwani limekula mabati ya upande ule. Mzee Salim amepaka rangi juu yake.

"Mama, hii nyumba iko na kazi mingi," Wanjala alisema. Akapiga hesabu kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Mabati, misumari, saruji ya sakafu, milango, madirisha, choo, ufundi wake. Elfu moja na arobaini.

Nilitembea mbele yake njia nzima. Alidhani nimemkasirikia. Ni kweli, nilimkasirikia.

Jumanne, 11 Februari

Nimeanza kupunguza. Sakafu ya saruji, nimefuta. Nimekulia kwenye udongo na haukuniua. Madirisha mawili, nimefuta, nitapigilia mbao. Choo, nimefuta, majirani wanacho. Mabati arobaini nimeyafanya ishirini na tano, sijui kwa nini. Jumla mia tano na kumi, zimezidi kumi tu. Nikafurahi kama mjinga.

Mteja akivuta tumbo ndani ili tepe itoshe kiunoni, huwa namcheka.

Alhamisi, 13 Februari

Nilirudi peke yangu na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Mzee Salim aliniapia kwamba nguzo zote ni mtarakwa, mti usioliwa na mchwa. "Mimi nitakufa niwache hizi nguzo zimesimama, mama."

Nilidunga kila nguzo chini kabisa, pale inapoingia ardhini. Vyumba viwili vya upande wa mjini, sindano ilikataa. Viwili vya upande wa ziwa, ilizama mpaka kwenye tundu lake. Miti ya ovyo, imeliwa ndani yote. Mzee alinitazama nikidunga. Niliona haya, kana kwamba ninamvua mtu mzima shati barabarani. Niliendelea hata hivyo.

Nguzo siwezi kuzifuta kwenye karatasi. Nimelia kidogo, kisha nikala viazi.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna nyumba nyingine ninayoiweza. Nimeuliza kote.

Jumatatu, 17 Februari

Yaya mmoja wa Milimani ameleta gauni alilopewa na memsahib wake wa kizungu. Mgongo na makwapa yameoza kwa jasho, sketi bado nzima. Alitaka nitie viraka. Nikamwambia viraka vitakula pesa zake bure; nikate palipooza, nitoe gauni la binti yake. Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Yaya aliuliza bei mara mbili.

Vyumba viwili vya upande wa ziwa vibomolewe. Mabati yaliyo mazima yazibe paa la viwili vinavyobaki. Milango mizuri ihamishwe.

Nilimfuata Wanjala kazini kwake. Alikuna kichwa, akaandika, akahesabu tena. Mia nne na sitini, pamoja na choo.

Jumatano, 19 Februari

Mzee Salim amekubali kuniuzia. Bei hakushusha hata senti. Kisha akauliza vitabomolewa vyumba vipi. Nikamwonyesha. Kile cha mwisho ndicho alichojenga kwanza, alipooa. Ameomba tusianze kabla hajapanda gari moshi Jumamosi.

Tutangoja. Ningekuwa yeye, ningeomba hivyohivyo.

Jumapili, 16 Machi

Nina wiki mbili hapa. Mvua tangu alfajiri. Nimezunguka nikitazama juu: pakavu, ila tone moja karibu na mlango. Wanjala atakuja kesho. Chumba kimoja kitanda, kimoja cherehani. Nje, vilipokuwa vyumba vingine, maji yametuama. Nimebakiwa na shilingi arobaini.

Adhuhuri alipita mama mmoja na mzigo kichwani, mgeni mjini, anatafuta chumba cha kupanga. Nilimwambia ajikinge mvua, nikampa chai, nikamwelekeza mtaa wa chini.

Akipandisha mzigo wake aliuliza, "Na hapa ni kwako, mama?"

Nikasema ni kwangu. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie kuuliza.