Filamu ya Kiangazi

Jumapili, Nzuguni

Mimi bado nasema wametuonea. Ile filamu tuliyoitazama leo, ya wakulima waliohamishwa kupisha ofisi zetu za serikali, wameirekodi kiangazi, kila kitu kikavu, kana kwamba huku hakujawahi kuota uwele. Na hakuna ofisa hata mmoja aliyeulizwa.

Nikamgeukia mama, ambaye shamba lake lilikuwa palepale zilipojengwa ofisi. "Mbona wewe ulipohamishwa hukulia kama yule bibi wa kwenye filamu?"

"Nililia, mwanangu," akasema, huku anachambua mlenda. "Wewe ulikuwa kazini."

Miaka yote hii nilidhani aliridhika.

Lakini hasira hana. Tumekula ugali, tumecheka, na moyo wangu umekuwa mwepesi. Kesho naenda naye ofisini. Anataka kunionyesha pale ninapokaa alikuwa anapanda nini.