Diski Moja ya Jubilei

Dodoma, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu umepungua kuuma. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatusumbua. Najua tunaongea kwa simu kila Jumapili, lakini diski hazipiti kwenye simu, kwa hiyo nimezipandisha basi na barua juu yake.

Zile kanda za jubilei yenu ya ndoa ya 2004 nimezihamisha zote. Ni saa nne kamili, kuanzia misa mpaka pombe ya mbege ilipokwisha. Nimezigawa kwenye diski mbili ili kila sekunde ya picha ipate megabiti nne na ushee. Picha ukiipa biti nyingi inakuwa safi. Ukiibana, watu wakicheza wanakatika vipande vya mraba. Sauti nimeibana sana, maana kanda zilijaa makelele, na yalipozidi nimeyafunika kwa nyimbo za kwaya, kama wafanyavyo wapiga video wa harusi. Utamwona marehemu baba mpaka vifungo vya koti.

Mwanao,
Salvina

Uru, 19 Februari 2024

Mwanangu Salvina,

Marahaba. Mimi sijambo, ng'ombe amezaa dume, mvua bado. Mwandiko huu si wangu, ni wa jirani, Elisifa mke wa Yoramu. Mkono wangu siku hizi ni mzito.

Diski zimefika, asante sana. Lakini naomba uniwekee yote kwenye moja. Mambo ya kutoa hii na kutia ile siyawezi. Picha ikiharibika, iharibike. Wala usibishane nami. Wewe ulianza kubishana hujaota meno.

Mama yako

Dodoma, 2 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na jua, na hongera ya ndama.

Nimebishana peke yangu wiki nzima nikashindwa. Diski moja hii hapa. Saa nne zimeingia kwa megabiti mbili na kidogo, na sauti imebaki imebanwa ili picha ipate kupumua. Matarumbeta yakianza utaona mabaka kwenye nyuso za watu, usidhani ni ugonjwa. Uso wa baba nimeulinda. Programu inaniruhusu kupunguza biti mahali pasipo na kazi na kuzipeleka penye kazi, nami nimezipeleka kwake.

Mwanao,
Salvina

Uru, 7 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tangu diski ifike umepiga simu Jumapili nne, na zote nimekuambia sijambo. Kwenye simu ni rahisi kusema hivyo. Leo nasema kweli, na Elisifa anaandika kila neno.

Macho yangu yameingia ukungu tangu mwaka jana. Daktari alisema ni mtoto wa jicho na anaweza kunipasua. Nikakataa, nikamwambia niliyoyaona yanatosha. Runinga kwangu ni mwanga tu, ndiyo maana nilitaka diski moja. Sikuwa na haja ya picha. Nilitaka sauti ya baba yako.

Kuna mahali kwenye sherehe ananijia ameshika jani la isale. Unajua mila yetu, isale likiletwa, msamaha haukataliwi. Nililipokea, wakapiga vigelegele. Lakini aliyelipokea ni mkono, moyo haukuwemo. Baba yako alikaa machimboni Mererani miaka minne akitafuta mawe ya thamani, bila hata barua, wewe na wadogo zako mkilia njaa. Alipokuwa akisema maneno yake, kwa sauti ya chini, niligeuza uso nikasikiliza matarumbeta. Miaka miwili baadaye tukamzika. Kwenye diski yako mahali hapo pana wimbo tu.

Salvina, alisema nini? Elisifa anafuta machozi, nimemwambia aendelee kuandika.

Mama yako

Dodoma, 15 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa macho. Naumia kwamba ulibeba hayo peke yako, na naumia zaidi kwa ule wimbo. Nilimwona baba na isale, nikadhani ni sehemu ya sherehe tu, na kelele zikaniudhi.

Nakala ya kwanza, isiyo na wimbo, nilishaifuta ili nipate nafasi kwenye kompyuta. Nikairudia kanda yenyewe. Imeota ukungu, ikanasa mara mbili, nikawa naisukuma kwa kidole huku nasali rozari. Mara ya tatu ikapita.

Sasa sauti nimeipa megabiti moja na nusu, haikubanwa hata kidogo, na picha imebaki na moja tu. Watu wote ni mabaka. Maneno ya baba nimeyaweka mwanzo wa diski, ukiwasha tu utayasikia. Sikuandikii alichosema. Ni chako, kisikie kwake mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Salvina

Uru, 28 Aprili 2024

Mwanangu Salvina,

Marahaba. Mvua imeshuka, migomba imenyanyuka, na wewe nimekusamehe. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri.

Nimemsikia. Alisema, "Dominika, miaka minne ulilala njaa ili watoto wale, na mimi nilikuwa nakula. Sina la kujitetea." Basi, hayo tu. Siku ya kwanza nilikasirika upya nikazima. Kesho yake nikawasha tena, nikalia mpaka Elisifa akaja mbio kutoka kwake. Leo asubuhi nimemjibu kwa Kichagga, kwa sauti, kana kwamba amekaa hapo kwenye kigoda. Nimemsamehe baba yako, mwanangu, na sasa moyo wangu umetulia.

Njoo unipeleke kwa yule daktari wa macho kabla sijabadili nia. Nataka kumwona usoni alipokuwa akiyasema. Na ukija, unitengenezee ile yenye picha nzuri, hata zikiwa diski nne. Nitazibadilisha mwenyewe.

Mama yako