Nyumba ya Baba na Vigingi Vyangu

Baba,

Shikamoo. Kuna jambo kuhusu nyumba yako nimekuficha tangu mwaka ule tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nawe ukafa hujalijua. Sasa nimekupita umri. Mapafu yamechoka. Mjukuu wako Skola, anayeniuguza hapa Sumbawanga, ananishikia karatasi isiteleze.

Juzi aliniuliza nyumba ilikuwaje. Nikamwambia: dirisha moja, upande usio na upepo. Dari ya fito juu ya jiko, ulezi ukipigwa moshi humo usiingiwe na wadudu. Kuta za udongo, nene kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Ule wa nyuma ulipobomoka kwa mvua, uliupandisha kama alivyofanya babu: tabaka moja, unangoja likauke, ndipo la pili. Mimi, nimetoka chuo cha ualimu, nikakuharakisha. Ukacheka. "Mwalimu, wewe ukikosea unafuta ubao. Mimi nikikosea, wajukuu wataangukiwa."

Kwa kuwa nilijua hesabu, nilipewa kamba na vigingi nipime mpaka wa kijiji. Nyumba za ndani ya mpaka zingebaki. Za nje zingeezuliwa. Uliniuliza mara moja tu: "Mwanangu, umepima vizuri?"

"Nimepima, Baba. Tuko nje."

Hukubisha. Asubuhi ya mwisho ulisiliba sakafu upya, mgambo wakikungoja uani, wakitazama chini. Ukang'oa mlango wa mninga, ukaubeba begani. Kule kijijini, kwenye kibanda cha nyasi tulichopewa, hapakuwa na ukuta wa kuushika mlango ule, ukaufanya kitanda. Mvua za kwanza zilikukuta juu yake. Kifua hakikupona.

Watu walikwisha kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, Baba. Kijiji kile hakipo. Kuta zako zimeyeyuka, zimebaki kama kichuguu, na mtu nisiyemjua amepanda maharage sebuleni kwako. Sina cha kukuletea.

Buriani. Nimemwagiza Skola, naye ameahidi: nitazikwa pale, ila nje ya ukuta wako. Ndani sistahili.

Nilipima mara mbili. Nyumba yako ilikuwa ndani ya mpaka, kwa hatua kumi na mbili. Niliogopa wasije wakasema mwalimu amempendelea baba yake. Nikang'oa vigingi viwili, nikavirudisha nyuma mpaka vikaiacha nyumba nje.