Lita Mbili za Maziwa

Tanga, 4 Machi 2024

Shikamoo Mama. Mimi mzima. Goti lako linaendeleaje? Mwanangu Naomi anakusumbua?

Kesho tunaingia baharini wiki tano, simu haitashika. Uliuliza kazi yangu. Zamani, nchi za mbali zililipua mabomu ya nyuklia, vumbi lake lenye sumu likashuka na mvua. Vijidudu vya majini, planktoni, hulimeza, samaki wadogo huwala hao, wakubwa huwala wadogo. Tunawavua, tunawakausha, tunawachoma, tunapima majivu.

Usiogope, samaki siwali. Nawashika tu.

Mwanao, Nanyori

Mkata, 25 Machi

Mwanangu Nanyori, tuko salama, ila goti ni lile lile. Jirani yetu Grasiana ndiye ananiandikia barua hii.

Masika yameanza. Nimewaza barua yako. Mvua inanyeshea nyasi, ng'ombe anakula nyasi, Naomi anakunywa maziwa. Tangu mvua ya kwanza nampa chai ya rangi na uji. Akiona kibuyu cha maziwa analia. Amepungua. Baba yako anasema nimerukwa na akili, lakini yeye hajasoma. Wewe umesoma. Nifanyeje?

Mama yako

Tanga, 10 Aprili

Shikamoo Mama. Pole na goti. Tumeshuka jana. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Barua yako nimeisoma nimekalia ndoo ya samaki.

Kosa ni langu, nilikuandikia nusu. Mabomu yale ni ya kabla sijazaliwa, na vumbi lililobaki ni kidogo mno. Mpe Naomi maziwa leo hii.

Lakini nakujua. Kwa hiyo mpe Isihaka, kondakta wa basi, lita mbili za maziwa ya ng'ombe yule yule, niyapime. Yakiganda njiani si kitu.

Mwanao, Nanyori

Tanga, 19 Aprili

Shikamoo Mama. Yalifika. Nimeyakausha, nimeyachoma, majivu yamekaa kwenye mashine siku nzima. Sumu ya mabomu haikuonekana. Samaki wetu wanayo chembe tu, isiyomdhuru mlaji.

Mama, mpe mtoto maziwa.

Mwanao, Nanyori

Mkata, 23 Aprili

Mwanangu, sisi wazima, hata goti.

Umechoma maziwa! Kwetu ni mwiko. Marehemu bibi yako asingekusamehe. Baba yako sijamwambia.

Nilimwomba Grasiana anisomee tena barua yako. Hakufika mwisho, kwa kuwa nilishanyanyuka kufuata kibuyu. Naomi amekunywa mpaka akalala nacho mkononi, mdomo mweupe.

Sasa wewe unayeshika samaki hao kila siku, nani anakupima? Nimempa Isihaka kibuyu kingine. Hiki usikichome. Kunywa.

Mama yako