Hitma ya Mama, Mwezi wa Rajab

Kariakoo, 2 Desemba 2024

Binti yangu Arwa,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, ila goti. Nawe Muscat, hali yako? Kariakoo imefurika watu wa sikukuu, chini ya dirisha langu hapapiti hata paka, na mimi huku juu sina wa kumwambia zima feni.

Nakukumbusha hitma ya mama yako. Mwaka unatimia: tutasoma Rajab, usiku uleule aliofariki, baada ya magharibi. Uliposhuka ndege ulikuta tumeshazika na masufuria yameoshwa, ukanambia hutasahau kwamba hatukukungoja. Maiti hangojeki, mwanangu. Ila safari hii nataka wewe ndiye umsomee Yasin.

Babako

Muscat, 9 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Waaleikum salaam. Hilo goti lichue na mafuta ya karafuu, usilibembeleze kwa maneno tu. Likizo nimepewa, tiketi nimekata, nitafika siku moja kabla nipike mwenyewe. Safari hii sikosi.

Nina ombi. Kazini wamenipa vijana wapya niwaeleze historia ya tarehe kwenye kompyuta, jinsi lugha za programu na kanzidata za biashara zilivyofika zilipo. Vitabuni nimesoma, lakini wewe uliwaandikia programu wenye maduka ya jumla tangu sijazaliwa. Nisimulie kama unavyomsimulia rafiki yako Mzee Gaudens.

Mwanao

Kariakoo, 16 Desemba 2024

Arwa wangu,

Salaam nyingi. Goti limesikia mafuta. Barua pepe yako imenifurahisha mpaka nikachemsha kahawa ya watu wawili.

Nilipoanza tulitumia lugha ya COBOL, na ndani yake tarehe haikuwepo. Kulikuwa na namba na herufi, basi. Tarehe uliiunda mwenyewe kwa tarakimu sita, mwaka ukapewa mbili tu, maana nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali. Mashine haikujua kuwa ile ni siku. Ungeiandikia tarehe thelathini na moja Februari ingepokea na kunyamaza. Kujua bidhaa imekaa siku ngapi, kila fundi alikuwa na hesabu zake, na za kwangu zilimwambia Gaudens, mwenye duka, kwamba maziwa ya kopo yaliyoingia jana yana mwezi mzima dukani. Mchaga yule alinifokea mpaka wapagazi wakatua mizigo.

Ikaja kanzidata ya dBase kwenye kompyuta ndogo, na humo tarehe ni aina yake yenyewe. Unatoa moja kwenye nyingine, unapata idadi ya siku. Nililia, wallahi. Zikafuata kanzidata kubwa, kila moja na tarehe yake. Hii inabeba na saa, ile haibebi, na ukihamisha data unalia tena. Ulipokaribia mwaka elfu mbili tukarudi kuzipanua zile tarakimu mbili, mama yako akiniletea uji dukani kwa Gaudens, wewe mgongoni.

Babako

Kariakoo, 14 Januari 2025

Arwa,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima.

Jana usiku tumemsomea mama yako. Juzi hukufika, nikadhani ndege imeahirishwa; jana simu yako haikushika, nikaamini uko angani, nikawaambia watu ndege imechelewa. Shangazi yako Nunu alitoka kuchungulia, akarudi, akatoka tena. Tukangoja mpaka isha ikapita, na maalim alikuwa anatakiwa kwingine, akaanza. Yasin nikasoma mimi. Sauti ikanikatika, akaimalizia jirani yetu Awadhi. Gaudens alivua viatu akakaa nyuma mpaka mwisho.

Leo asubuhi nilipokupata ukaniambia uko kazini, ukauliza uniletee zawadi gani. Si mtandao uliokatika, nilikata mimi. Ulikuwa wapi, mwanangu?

Babako

Muscat, 15 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Sijui hata nikujulie hali vipi. Tiketi yangu ni ya tarehe ishirini na nne. Mama alifariki Januari ishirini na tano, nami nikaiambia simu iongeze mwaka mmoja. Uliniandikia Rajab na nikaipita kama jina la mtaa. Mwaka wetu wa mwezi mwandamo unatangulia kwa siku kumi na kitu, na kila mtoto wa nyumba yetu anajua hivyo kwa Ramadhani. Kazini tuna programu inayohesabu mwaka wa jua na wa mwezi bila kukosea. Niliiandika mimi.

Wiki iliyopita niliwasimulia vijana yote uliyonifundisha, wakapiga makofi. Na usiku wa Mama nilikuwa nakula kiporo peke yangu, simu imeisha chaji.

Nimemkosa mara mbili. Sina uso wa kuja. Nirudishe tiketi?

Mwanao

Kariakoo, 19 Januari 2025

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Shangazi yako anakusalimu, anasema hajakasirika, nami simwamini. Mimi nilikasirika, ndiyo maana sikukujibu upesi. Sasa imepungua.

Nilifikiri kuwaita watu tena kwa hiyo tarehe yako. Maalim akasema hakuna ubaya, dua ni dua. Nikaghairi. Watu wakija wataondoka.

Usirudishe tiketi. Mama yako keshasomewa, Mungu apokee, hakuna alichokosa. Aliyekosa ni mimi. Tangu afariki nakula nimesimama jikoni, kwa kuwa nikiandaa mkekani naona nafasi yake na yako. Njoo unione mimi ningali hai.

Ukifika usigonge, sikio la kulia halisikii tena na sikukwambia. Mlango nitaurudishia tu, Gaudens amesema atakaa kule chini kuulinda.

Babako