Swali la Nyanjura Kuhusu Karabai

Mdogo wangu Nyanjura,

Nimekutangulia kuzaliwa, lakini leo ni mimi ninayekuamkia: shikamoo. Ukifika chini utajua kwa nini. Magoti yanaendeleaje? Mvua imefika Suguti? Mimi huku Ujerumani kifua kimekataa, na daktari hanifichi tena. Naandika mistari michache, napumzika, narudi.

Unakumbuka ile simu niliyokupigia ukiwa mwaloni Musoma, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, unageuza dagaa? Nilikulalamikia kazi. Nilikueleza kwamba sayari kubwa za mbali hatuzioni; tunapima mwanga wa nyota, na sayari ikipita mbele yake mwanga unapungua, nasi kwa upungufu huo tunajua ukubwa wake. Sayari niliyokuwa nikiipima ilikuwa inatoka ndogo mno kwa uzito wake. Ukaniuliza:

"Kaka, una uhakika ni taa moja? Hapa tunaonaga karabai mbili za wavuvi zimekaribiana, kwa mbali unasema moja. Mtu akiziba moja, mwanga unapungua kidogo tu, unafikiri katoto kamepita. Kumbe libaba na kitambi chake, kama wewe!"

Nilicheka. Kesho yake nikaomba picha za darubini kali zaidi. Ubavuni mwa nyota yangu kulikuwa na nyingine imejibana. Nilipoondoa mwanga wake, sayari ikakua. Wenzangu walinipigia makofi. Walipouliza wazo lilitoka wapi, nilisema lilinijia nikinyoa ndevu. Niliona aibu kusema limetoka kwa dada yangu aliyeishia darasa la saba, anayeanika dagaa.

Halafu ukapiga wewe: "Vipi, taa zilikuwa mbili?" Nikakujibu, "Nyota si dagaa, mama." Ukasema, "Haya, msomi," na hujaniuliza tena habari za kazi mpaka leo. Hilo linaniuma kuliko kifua.

Nimewaandikia wenzangu ukweli, nikikutaja kwa jina. Nakala iko humu ndani. Mwanao anayefundisha shule Butiama akutafsirie kwa sauti, mbele ya wanawake wenzako wa mwaloni. Usinijibu kwamba si kitu. Ni kitu.

Nisalimie mjane wa kaka yetu kule Bunda, na wajukuu wote, hata wasionifahamu.

Swali lako nimechelewa mno kulijibu, Nyanjura. Zilikuwa mbili.

Kaka yako,
Masatu